Nani alisema riwaya za majini ni za watoto?

Ukisema "nasoma" mtaani kwetu, swali linalofuata ni moja tu: "Unasomea nini?" Kiswahili kimetuwekea mtego hapo. Kusoma kitabu na kusoma chuoni ni neno lile lile, kwa hivyo mtu akikupata na riwaya mkononi, na anajua wazi kwamba chuoni ulitoka, anakutazama kama mtu anayengoja matatu kwenye steji iliyohamishwa. Mimi nilitoka mwaka wa pili. Karo ilikataa, na hiyo si stori ya leo. Ya leo ni kwamba tangu nitoke nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyosoma nikiwa ndani, na karibu vyote ni vile ambavyo mjomba wangu huviita "vya watoto". Majini, mazimwi, wachawi, wasichana wanaopigana na wafalme.

Mjomba ni mtu mzuri, lakini hapa amepotea njia. Na kwa kuwa najua una mjomba kama wangu, ama mwalimu, ama yule rafiki anayesoma tu vitabu vya jinsi ya kuwa tajiri kabla ya miaka 30, nimeamua kukupa vitabu vyangu na sababu zangu. Ukiulizwa unasomea nini, utakuwa na la kujibu.

Wacha nianzie nyumbani, Mombasa.

Kitabu kinaitwa The House of Rust, kilitoka mwaka 2021, na aliyekiandika ni Khadija Abdalla Bajaber, Mkenya wa Mombasa. Baba yake Aisha ni mvuvi. Siku moja anaenda baharini, harudi. Watu wazima wanafanya yale ambayo watu wazima hufanya, yaani wanasikitika halafu wanaanza kuzoea. Aisha hazoei. Anaingia kwenye chombo kilichoundwa kwa mifupa, pamoja na paka anayeongea, tena paka msomi mwenye maneno makubwa kama mhadhiri, na wanaingia bahari kuu kumtafuta mzee katikati ya madubwana. Ukiwahi kutembea Mji wa Kale ukaona vile paka wa pale wanavyokutazama, kana kwamba wao ndio wenye nyumba na wewe umechelewa kulipa kodi, hutashangaa kusikia mmoja wao akiongea.

Hadithi haiishii majini. Kuna nyanya nyumbani anayetaka msichana atulie, aolewe, maisha yaendelee. Hiyo sehemu ya nchi kavu ndiyo ilinishika zaidi. Umeshaona madubwana ana kwa ana, umejua wewe ni nani, halafu unaambiwa rudi jikoni ukachambue mchele. Kama umewahi kurudi kwenu baada ya mambo kukwama jijini, na kila mtu akataka uwe yule wa zamani, utaielewa bila kufafanuliwa.

Mswada wa kitabu hiki ulipata tuzo ya Afrika ya wachapishaji wa Graywolf huko Marekani. Kisha mwaka 2022 kitabu chenyewe kikashinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Dola 25,000. Hebu niambie wewe ulisikia wapi hiyo habari. Mwanariadha wetu akishinda mbio huko nje tunampokea uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, na anastahili. Dada wa Mombasa alishinda dunia kwa kalamu, na nikimtaja watu wananiuliza, "Khadija nani?"

Nikuonye kidogo. Kiingereza chake ni kizito, kimejaa mafumbo kama maongezi ya wazee wa Pwani. Kurasa za kwanza zinataka subira. Usikisome ndani ya mathree ile yenye muziki wa kupasua masikio, utakichukia bure.

Sasa, huyo Le Guin wa tuzo ni nani? Huyu ndiye ningependa ukutane naye kama ulikua ukijua kwamba shule ya wachawi ilibuniwa na Harry Potter. Harry alitoka 1997. Le Guin, Mmarekani, alichapisha A Wizard of Earthsea mwaka 1968, na ndani yake kuna kijana maskini wa kuchunga mbuzi anayepelekwa kisiwa cha Roke kusomea uchawi. Anaitwa Ged, ana kiburi, na kwa kutaka kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ni mkali, anafungua mlango ambao haukupaswa kufunguliwa. Kinachotoka kinamfuata kitabu kizima. Ni kama kurasa 200 hivi na hakuna hata moja ya kupoteza muda.

Ngozi ya Ged ni ya rangi ya shaba, na rafiki yake wa dhati ni mweusi kabisa. Mwaka 1968, kumbuka. Halafu 2004 watu wa televisheni huko Marekani wakatengeneza mfululizo wakamweka mzungu, na Le Guin akaandika hadharani kuwalalamikia. Lakini si rangi tu iliyonivuta. Katika nchi hiyo kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana uwezo juu yake, kwa hivyo jina lako humtajii mtu ovyo. Mzungu akisoma hapo anaona ni ubunifu wa ajabu. Mimi niliona ni shosho. Si unajua wazee wetu wengi usiku hawamtaji nyoka, wanasema "kamba"? Tulikuwa tunacheka. Kumbe ni somo la mwaka wa kwanza huko Roke.

Twende Nigeria, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna mtu namdai shukrani. Nnedi Okorafor ni Mmarekani wa wazazi Waigbo, na Akata Witch yake ilitoka 2011. Sunny ana miaka 12, alizaliwa New York, sasa anaishi Aba. Ana ualbino. Anapenda soka kufa, lakini jua la mchana halimruhusu kucheza. Shuleni hana pa kukaa: Wanigeria wanamwona Mmarekani, na Wamarekani hawakuwa wanamwona kabisa. Kisha anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uchawi, na anaanza kufundishwa pamoja na wenzake watatu.

Fikiria hilo kwa utulivu. Katika eneo letu hili la Afrika Mashariki, watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa na wanaoamini kwamba viungo vyao vina uchawi wa kumtajirisha mtu mwingine. Okorafor anauchukua uchawi huo na kumpa msichana mwenyewe mkononi. Ni wake. Yeye ndiye anautumia, na anautumia kumkabili muuaji wa watoto. Mtu akiniambia hiki ni kitabu cha watoto, huwa namuuliza ni lini watu wazima waliandikiwa kitu kikali hivyo.

Halafu kuna pesa. Watu wa Chui wana sarafu zinazoitwa chittim, na huzipati kwa kazi, wala kwa biashara, wala kwa kujua mtu. Zinadondoka kutoka hewani miguuni mwako kila unapojifunza kitu. Somo likiwa gumu zinadondoka nyingi, na za shaba zina thamani kuliko za dhahabu. Yaani ujinga ndio umaskini, lakini si kwa ile maana ya mabango ya shule. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatembea chumba kizima, ambacho kwa hakika ni hatua nne. Dunia ambayo kujifunza kunakulipa, badala ya kukudai! Na haijalishi unajifunzia wapi. Chichi, rafiki yake Sunny, anaishi kibanda kilichojaa vitabu na haendi shule ya kawaida, na ndiye mwenye kichwa chepesi kuliko wote. Hiyo nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Ukishamaliza, kuna Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022). Ila kama huna muda, ama bado hujazoea kusoma kitabu kirefu, anza na Binti ya 2015, ya huyo huyo. Haifiki kurasa 100. Jina ni letu, ingawa msichana mwenyewe ni Mhimba wa kule Namibia. Ni hodari wa hesabu, amepata nafasi kwenye chuo kikuu kilicho sayari nyingine, na familia imekataa. Anatoroka usiku akiwa amejipaka udongo wake mwekundu kama mila inavyotaka. Chomboni watu wanamshika nywele bila ruhusa. Kisha viumbe wanavamia na karibu kila mtu anauawa. Kilishinda Hugo na Nebula, zile tuzo mbili kubwa za hadithi za aina hii. Mtu anayesema hana muda wa kusoma, na jana alikaa saa tatu akitelezesha video kwenye simu, nampa hiki.

Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018) nakitaja kwa sababu ukisema umesoma riwaya za vijana bila kukisoma, mbogi yangu haitakuamini. Mfalme ameua uchawi wa watu fulani na kuwafanya watumwa wa kodi; msichana Zélie anataka kuurudisha. Adeyemi ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba alikiandika kwa uchungu wa Wamarekani weusi waliokuwa wakiuawa na polisi, na unausikia huo uchungu. Kinakimbia kama boda iliyokatika breki. Mapenzi yake lakini, bana! Leo mtu anataka kukuua, kesho macho yake ni mazuri. Nimesamehe, kwa sababu miungu ni ya Kiyoruba na hakuna aliyeomba radhi kwa hilo. Kinatengenezewa filamu pia, kwa hivyo soma sasa kabla ya watu kukuharibia mwisho.

The Hunger Games huenda umeiona kwenye skrini. Kitabu cha Suzanne Collins cha 2008 ni kingine. Filamu inakuonyesha mapigano, kitabu kinakuonyesha hesabu. Kila mwaka watoto wanachaguliwa kwa kura kwenda kuuana, na kila mtoto jina lake linaingia mara moja kwa kila mwaka wa umri kuanzia miaka 12. Lakini kama kwenu mna njaa, unaruhusiwa kuongeza jina lako mara nyingine, ulipwe nafaka na mafuta kidogo ya mwaka mmoja. Kwa hivyo bahati nasibu ni ya watu wote, ila karatasi za maskini ni nyingi chunguni. Gale, kijana wa kuchimba makaa, jina lake limo mara 42. Hakuna mhadhara wa uchumi ulionieleza umaskini kwa ufupi hivyo. Vijana wa Thailand walichukua ishara ya vidole vitatu kutoka hadithi hii wakaipandisha barabarani baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 2014. Na mimi nilikirudia Juni 2024, usiniulize kwa nini, ulikuwepo.

Kwa wale wanaotaka ujanja tu, bila mafunzo: Six of Crows ya Leigh Bardugo, 2015. Vijana sita wa mtaani, wezi watupu, wanatumwa kuingia gereza ambalo halijawahi kuingilika. Kiongozi wao, Kaz, anatembea kwa mkongojo, na Bardugo mwenyewe ameandika kwamba kwa sababu ya maradhi ya mifupa naye huutegemea wakati mwingine. Huo mkongojo si wa kuonewa huruma. Percy Jackson ya Rick Riordan mpe mdogo wako ambaye mwalimu anasema hawezi kusoma. Riordan aliianza kama hadithi za kumlaza mwanawe aliyekuwa na shida ya kusoma na ya kutulia, na katika kitabu shida hizo hizo ndizo dalili kwamba mtoto ana damu ya miungu.

Sasa najua unachowaza. "Wewe unatuandikia kwa Kiswahili, na vitabu vyote umetaja ni vya Kiingereza." Kweli kabisa, na ndiyo maana nimekasirika kidogo.

Kwa sababu hii michezo ya kubuni nchi zisizokuwepo hatukuipokea jana. Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa 1951, na ni nchi inayoelea angani. Angani! Mtu anayeitwa Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria, na anajitetea siku baada ya siku kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata juu mbinguni na chini ardhini, wakaleta mawazo mazuri, wakafungwa. Mwandishi alikuwa raia wa nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Angeandika wazi angefika wapi? Akapandisha nchi mawinguni, akasema yote. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, mna majini na manyani wanaopigwa viboko kila usiku, na sababu ya viboko hivyo sikwambii.

Na Kenya tuna Katama Mkangi. Mtoto wa Pwani, mwanasosholojia, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi. Mwaka 1995 akatoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, na hukumu inatekelezwa kwa kumtupa angani ndani ya chombo ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho. Anakimudu. Anatua kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa haki na usawa, na sayari inaitwa Walenisi. Litamke taratibu, kwa kulikata. Wale ni sisi. Nilikuwa nimeshasoma nusu ya kitabu ndipo likanigonga, nikapiga kelele, jirani akabisha hodi. K. W. Wamitila naye ana Bina-Adamu! ya 2002, ambapo mtu anazunguka kijiji kimoja na kijiji chenyewe ni dunia nzima. Ni fupi na inachanganya kichwa, na inafaa isomwe na wawili ili mbishane.

Tatizo ni vile tulivyokutana na vitabu vya Kiswahili. Chukua Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, 1996. Haina jini hata moja, lakini kwangu ndiyo riwaya bora ya vijana iliyowahi kuandikwa hapa: kijana anatoka Tanga, mama amekufa, anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni safari ya Aisha ile ile, bila paka. Kizazi kizima kiliisoma kikitafuta "sifa nne za mhusika" na "dondoo hili liweke katika muktadha wake". Kitabu cha kutahiniwa kina bahati mbaya hiyo. Kinasomwa na maelfu, halafu siku ya mwisho ya mtihani kinatupwa kama daftari la hesabu. Na wachapishaji, ambao nao wana watoto wa kulisha, wanafuata pesa ilipo, na pesa iko kwenye orodha ya vitabu teule. Kijana wa miaka 22 asiye na mtihani wowote mbele yake hayumo kwenye hesabu za mtu.

Na tafsiri? Mwaka 1940 Alice wa Uingereza alitafsiriwa akawa Elisi katika Nchi ya Ajabu, sungura wake akaanza kusema Kiswahili. Leo Aisha ni msichana wa Mombasa, jirani zake ni Waswahili, paka wake anaitwa Hamza, na mimi sijawahi kumwona akiuzwa kwa Kiswahili kwenye duka lolote nililoingia. Sunny pia. Ged pia. Natamani mtu atafsiri Earthsea kwa Kiswahili cha Pwani, kile chenye maneno ya bahari, maana Kiingereza chenyewe kinahangaika na mashua zile wakati sisi tuna jina la kila kamba.

Kuhusu pesa, usiseme vitabu ni ghali kabla hujainama. Pale katikati ya jiji vinatandazwa chini kwenye turubai, na Le Guin wangu nilimpata kwa shilingi 150 chini ya kitabu cha uhasibu. Nenda jioni, wakati muuzaji anakaribia kufunga na hataki kubeba mzigo. Usimwambie unatafuta nini hasa, bei itapanda.

Pia kuna maktaba. Ile ya McMillan, Banda Street, yenye simba wa mawe mlangoni, ilijengwa 1931 na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nyanya zetu walipita nje. Sasa mlango uko wazi na sisi ndio tunapita nje, tukiwa na simu mkononi. Kama unaishi Eastlands huna hata haja ya nauli ya tao, matawi yake yako Kaloleni na Makadara. Kaloleni ilikarabatiwa, inapendeza, kuna meza, na hakuna anayekuuliza unasomea nini.

Walenisi yangu imetoka jalada na kurasa za katikati nimezibandika kwa selotepu. Naiazima, lakini uje na kitabu chako tubadilishane. Mikono mitupu sifungui mlango.